Bi Kisomo na Neno la Mkaguzi

Kijijini kwetu watu walikuwa wakisema kwamba ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, kuna wavuvi waliojua kusoma bila kukanyaga darasa hata siku moja, kwa sababu upepo ukikaa vizuri sauti ya Bi Kisomo ilivuka mto bila kuulizwa hati ya kusafiria. Huo ulikuwa uongo, na kila aliyeusimulia alijua ni uongo, lakini hakuna aliyekuwa tayari kuuacha. Mto wenyewe ulikuwa mwendo wa saa mbili kwa baiskeli. Ninachoweza kuapa ni hiki: siku moja nilikuwa nimeinama kwenye mche wa mkorosho, mwendo wa robo saa kutoka darasani, nikamsikia akitamka "ba, be, bi, bo, bu," na nikajikuta namwitikia peke yangu porini kama mwendawazimu.

Jina lake lilikuwepo kwenye daftari la kijiji, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Alifundisha kisomo cha watu wazima, ngumbaro kama tulivyoita, basi akawa Bi Kisomo kwa wakubwa na wadogo. Mimi nilikuwa bwana shamba, kijana wa miaka ishirini na tatu niliyeletwa kuwaambia watu wazima jinsi ya kupanda mikorosho waliyoipanda tangu sijazaliwa. Kijiji kilikuwa kipya, cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, na watu waliokuwa wakiishi mbalimbali mashambani walikuwa bado wanazoeana. Nadhani sauti ile ndiyo kitu cha kwanza walichokimiliki wote kwa pamoja, kabla ya shamba na kabla ya duka.

Mwili wake ulikuwa mdogo. Sauti yake haikuwa nene, wala huwezi kusema alipiga makelele. Ilikuwa nyembamba, ya juu, iliyonyooka, na ilikuingia sikioni kama uzi unavyoingia tundu la sindano. Mgeni akiisikia kwa mara ya kwanza alitazama juu, akidhani kuna ndege.

Nyumbani kwake alinong'ona. Mara ya kwanza nilipoalikwa kula nilidhani kuna mgonjwa ndani. Mtoto akilia hakumwambia "nyamaza". Alimpuliza utosini mpaka akasahau alicholilia. Redio ya jirani ikifunguliwa zaidi ya kiasi alijifunika khanga masikioni. Mumewe, mtu mtaratibu aliyependa mzaha wa chinichini, aliniambia, "Bwana Shamba, watu wananipa pole kwa kelele za ndani. Nikitaka kumsikia mke wangu mimi lazima niende shambani."

Nilimuuliza mwenyewe kwa nini. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini sufuria haiwekwi kichwani wakati wa kula.

"Humu ndani tuko wanne," akanong'ona. "Darasani nina sitini na wawili, na nusu yao wako juu ya miti."

Hilo lilikuwa kweli. Msimu wa korosho ukifika hakuna mtu mzima wa Mtwara anayekaa kwenye benchi, hata ukimpa chai na maandazi. Waalimu wengine wa kisomo walifunga madarasa mpaka korosho ziishe, kisha wakaanza upya na watu waliosahau kila kitu. Yeye hakufunga. Alipanda juu ya kichuguu katikati ya shamba la ujamaa, akatamka silabi, na kila aliyekuwa akiokota au kutikisa tawi alishuka, akaiandika kwa kijiti mchangani chini ya mti wake, akarudi kazini. Kisha Bi Kisomo alishuka kichuguu akazunguka mti kwa mti kukagua. Ukiwa umekosea alifuta kwa unyayo wake, akakuachia kijiti.

Wapo walioshika kalamu kwa nguvu zote walizonazo, hata mti wa kalamu ukalia. Hao aliwaambia, "Kalamu si jembe. Usiikabe koo." Na aliyelalamika kwamba ameshazeeka alijibiwa palepale, "Basi zeeka huku unaandika."

Alikuwa mkali mno kwa wachelewaji, ingawa yeye mwenyewe alichelewa kila siku. Njiani alisimama kwa kila mtu kuuliza habari za neno. Nitalifikia hilo. Kwanza niseme habari ya baba mkwe wake, maana bila yeye hadithi hii haina miguu.

Baba mkwe alikuwa mwanafunzi wake. Desturi ya kwetu mnaijua: mkwe humtaji jina, humkodolei macho, na mkikutana kwenye kinjia chembamba mmoja wenu anaingia kichakani kuwa mtu mwema. Sasa Bi Kisomo ana daftari la mahudhurio mkononi, na jina la nane ni la baba mumewe. Alifanyaje? Aliita la saba, akakohoa mara moja, akaita la tisa. Mzee naye alipokisikia kile kikohozi aliitika kwa fahari, "Nipo!" Baada ya mwezi kila mtu alijua kwamba mtu mwenye mafua asiruhusiwe kuita daftari.

Kumsahihisha kulikuwa kazi zaidi. Mzee aliandika "d" na tumbo lake likatazama upande usio wake, kila siku, kwa ukaidi wa punda. Mkwewe hangeweza kumkemea. Basi alimkemea jirani yake: "Wewe! Hiyo 'd' yako inakwenda wapi?" Jirani, mvumilivu mmoja mwenye "d" safi kabisa, aliinamisha kichwa akasema, "Samahani, nwalimu," na mzee akafuta yake kimyakimya. Jirani huyo alibeba makosa ya mzee kwa miaka miwili na sikuwahi kumsikia akinung'unika. Jioni, darasa likiisha, Bi Kisomo aliwapigia magoti na kuwaamkia wazee walewale aliokuwa akiwafokea kupitia kwa majirani zao.

Sasa maneno. Mahali fulani, nadhani redioni, alisikia kwamba maneno husafiri, na tangu siku hiyo hakutulia. "Mgeni akifika tunampa kiti tukamuuliza anatoka wapi," alisema. "Neno linakaa kwetu miaka mia, na hakuna aliyeliuliza kwao." Akawaambia wanafunzi kwamba meza imetoka kwa Wareno, kitabu na kalamu kwa Waarabu, na shule kwa Wajerumani. Hapo darasa likavurugika. Baba mkwe, ambaye baba yake alichapwa viboko enzi za Wajerumani, aligoma kutamka "shule" tena. Akaanza kusema "darasani", mpaka mtu akamtonya kwamba nalo ni la Waarabu. Basi kwa wiki nzima, akiulizwa anakwenda wapi na daftari lake, alijibu, "Ninakwenda kule kunakokoholewa."

Kisha mkaguzi akaja.

Alikuja wakati wa mvua, kijana mpole wa mjini mwenye sauti laini na viatu vilivyong'aa mpaka vilipokutana na tope letu. Kwa sababu ya mvua darasa lilikuwa limehamia ghala la korosho, tupu wakati ule, kuta za bati na paa la bati. Mkaguzi akapewa kiti cha heshima, mbele kabisa, hatua mbili kutoka kwa mwalimu. Nilikuwa mlangoni nikisubiri mvua ikatike, kwa hiyo niliona yote. Bi Kisomo akafungua kinywa chake cha shambani ndani ya sanduku lile la bati. Kila silabi iligonga paa, ikagonga ukuta, ikarudi kwa mkaguzi, na bega lake la kushoto lilipanda kila mara. Alipotoka alikuwa akijipapasa sikio.

Aliacha nakala ya ripoti. Fomu ilikuwa ya zamani, imechapwa kwa Kiingereza tangu enzi za mkoloni, na nchi haikuwa na karatasi ya kutupa. Mkaguzi alijaza kwa Kiswahili: juhudi, nzuri sana; mahudhurio, mazuri. Kwenye mstari wa sauti ndipo Kiswahili kilipomwishia. Aliandika neno moja tu la Kiingereza, "shrill", akaweka nukta. Na chini kabisa, kwa Kiswahili tena: mwalimu huyu ni wa kujitolea; kama atapelekwa chuo kusomea ualimu, au darasa lake litapewa mwalimu mwingine, itaamuliwa baada ya mtihani.

Kwenda chuo ndiko alikokutaka kuliko kitu chochote duniani. Alikuwa na gauni la kijani alilolishonesha kwa ajili ya chuo mwaka mzima kabla, likiwa limekunjwa sandukuni na vipande vya sabuni, na hajawahi kulivaa hata sikukuu. Jioni ile alikuja kwangu na karatasi, akasimama kizingitini, akanong'ona.

"Bwana Shamba, hili neno ni nani?"

Alisema hivyohivyo: nani.

Nilikuwa na kamusi nene ya Kiingereza. Niliinunua Mikindani kwa mzee wa Kihindi mwenye duka, ambaye alikuwa akiitumia kuegemezea mlango wake, na aliniuzia kwa sharti kwamba nisiirudishe. Tukaiweka mezani chini ya taa ya chemli. Nikatafuta, nikapata, nikamsomea kwa Kiswahili: sauti ya juu, nyembamba, yenye kupenya, kama ya filimbi.

"Ndiyo mimi," akasema, bila aibu wala majivuno.

"Na kwao wapi?"

Nikamsomea asili yake. Neno la kale sana. Lina ndugu katika Kijerumani, na katika Kiingereza cha zamani kuna neno linalofanana nalo lenye maana ya kutoa sauti kubwa. Na huenda hakuna mtu aliyelitunga, bali lilizaliwa na mlio wenyewe, watu wakiigiza walichosikia.

"Lina ndugu Ujerumani? Kama shule?"

"Kama shule."

"Na kamusi yenyewe imesema huenda?"

"Imeandika huenda."

Hilo lilimfurahisha kupita yote. Kitabu kizito namna ile, cha watu wenye makuu namna ile, na bado kinasema huenda. Alitaka nimwonyeshe neno hilo, nikamwonyesha kwa kidole cha mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na kazi nyingine.

Kati ya maana na asili palikuwa na mstari mmoja mfupi. Ulisema kwamba neno hilo hutumika hasa kwa sauti inayoudhi masikio, kama ya mtu anayelalama. Kidole gumba changu cha kulia kilikuwa juu ya mstari huo tangu nilipouona, nacho hakikubanduka. Nimejitetea miaka mingi kwamba sikudanganya, nilisoma tu kilichoonekana. Nilidanganya. Nilikuwa nalifikiria lile gauni, na sikuwa na moyo wa kumwambia.

Nilidhani mambo yataishia mezani pale. Kesho yake akanipeleka darasani.

Nikasimama mbele ya watu sitini na wawili, nikaeleza kwamba mkaguzi ameandika sauti ya mwalimu ni ya juu, nyembamba, inayopenya. Mama mmoja wa nyuma akasema, "Ya juu, nyembamba, inayopenya. Sasa hicho si kigelegele?"

Asiye wa kwetu inabidi aelezwe hapa. Mwali akitolewa ndani, au bwana harusi akifika, si kila mwanamke anayeachiwa kuanzisha kigelegele. Mwenye sauti nene anaambiwa akaangalie wali. Anayeanzisha ni yule mwenye sauti ya juu, nyembamba, inayopenya, na hutafutwa mapema, hata kijiji cha pili, na kutumiwa salamu za heshima. Akishaanzisha, kila mwanamke aliyesikia lazima aitikie, hata kama yuko kwake anaosha vyombo na hajui furaha ni ya nani. Kuacha kigelegele cha mwenzio kining'inie peke yake ni uchoyo. Sasa waambie watu hao kwamba mkubwa kutoka mjini amekaa hatua mbili kutoka kwa mwalimu wao, amesikiliza, ametoa kalamu, na ameandika sifa ileile ya mwanzishaji. Wangeelewa nini kingine?

"Na lina undugu na shule," Bi Kisomo akaongeza.

Baba mkwe akajikuna kidevu. "Basi hao Wajerumani," akasema akitazama pembeni, "wana neno moja zuri."

Wakapika. Wali wa nazi na pweza, siku ya kazi, mbele ya macho ya mwenyekiti wa kijiji, naye akala sahani mbili. Na wakaamua kumwandikia mkaguzi barua ya shukrani, barua ya kwanza ambayo darasa lile liliwahi kuandika. Waliochaguliwa waliandika neno moja moja, wakapokezana kalamu. Naikumbuka yote: "Ndugu mkaguzi. Sisi wazima. Tumesoma neno lako juu ya sauti ya mwalimu wetu. Tumelipenda. Umesikia kweli. Karibu tena, ule." Neno "ndugu" liliangukia kwa baba mkwe. Tumbo la "d" lilitazama nyuma.

Halafu barua ikatiwa mkononi mwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nakwenda mjini.

Sijawahi kuendesha baiskeli nzito kama siku ile. Nilijua mkaguzi akiisoma ataona ama tunamdhihaki, ama sisi ni mabwege, na vyote viwili vingemharibia Bi Kisomo. Nilipofika Mtawanya nilisimama, nikaitoa, nikashika pembe ya bahasha nikitaka kuichana. Nikaona mwandiko wa juu, "MKAGUZI, MTWARA," herufi zimebanwa koo zote. Watu wale walikuwa wamekesha nayo. Nikapanda baiskeli, nikaenda posta nikaitumbukiza kabla sijapata akili.

Mtihani ulifanyika wakati wa kusi, ule upepo wa kusini. Mkaguzi alikuja na bahasha ile mfukoni mwa shati, pembe yake ikichungulia. Aliniita kando, nyuma ya ghala.

"Ndugu Bwana Shamba, nani aliwafasiria lile neno?"

"Mimi."

"Na ule mstari wa chini yake? Maana na mimi nimekwenda kufungua kamusi."

"Kidole kilikuwa juu yake," nikasema.

Mdomo wake ulitaka kucheka, lakini alikuwa mtu wa kazi, akaufunga. "Itategemea mtihani," akasema. "Sheria ni sheria. Wakishindwa, darasa linakwenda kwa mwingine."

Sheria ilisema pia kwamba watahiniwa wakae mbalimbali wasiangaliane. Darasani watu sitini na wawili hawawezi kukaa mbalimbali, kwa hiyo walitawanywa shambani, kila mtu mkorosho wake, ubao wa kuandikia magotini. Na sheria ilisema mwalimu asiwe karibu. Bi Kisomo akapelekwa kwenye kichuguu chake, mbali kule, akaambiwa asigeuke. Alikaa juu yake ametupa kisogo, mikono mapajani. Sikumbuki kumwona amekaa kimya hivyo mahali palepale.

Hesabu zilikwenda salama. Ikaja imla. Mkaguzi akasimama katikati ya shamba na kusoma sentensi ya kwanza kwa ile sauti yake laini, nzuri, na kusi ikaichukua na kuipeleka baharini. Majani ya mikorosho yalikuwa yakivuma kila upande. Hakuna kalamu iliyosogea. Akarudia. Akarudia kwa nguvu. Mara ya nne akakazana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na sauti ikapasuka katikati ya neno, ikamkimbia kabisa. Akabaki anapepesa midomo. Watu sitini na wawili wakatazama karatasi tupu. Mimi nikalitazama lile gauni la kijani sandukuni, kwa macho ya moyo, na nikajilaani mimi na kamusi yangu.

Baba mkwe akasimama chini ya mti wake.

"Bwana nkaguzi! Sisi ntihani hatuogopi. Ila hatukusikii. Mpe karatasi nkwe wangu pale juu asome. Asishuke. Asigeuke. Uso wake mimi sitakiwi kuuona hata hivyo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mbele za watu. Mkaguzi akaangalia fomu zake, akaangalia kichuguu, akapima umbali kwa jicho. Sheria ilikataza mwalimu kuwa karibu. Haikusema lolote juu ya kusikika. Akaninyooshea karatasi, na kwa kuwa hakuwa na sauti tena, akaonyesha kwa kidole: mpelekee.

Nilikimbia. Bi Kisomo alipokea karatasi bila kuniangalia. Kisha akavuta pumzi, akatamka kwa kuzielekea nyumba, kisogo kikiwa kwa wanafunzi wake:

"Korosho zetu zimeiva!"

Miti yote ikainama kuandika. Nasema miti kwa sababu ndivyo nilivyoona kutoka pale juu, vichwa vikishuka chini ya matawi kwa pamoja. Sentensi ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Kusi ilivuma vilevile na haikupata hata herufi moja. Siku chache baadaye kituo cha kijiji jirani, ambacho msimamizi wake alikuwa amekwama njiani kwa pancha, kilileta karatasi kumi na tisa zenye imla yetu. Walikuwa wamekaa wanasubiri, wakasikia mtihani umeanza, wakaandika. Wapo wanaosema na huu ni uongo. Karatasi nilizishika.

Walishindwa wawili tu. Baba mkwe alifaulu, pamoja na "d" yake.

Siku ya majibu mkaguzi hakusoma ripoti mwenyewe. Alimpa mama wa nyuma, yule wa kigelegele, aisome kwa darasa. Mama akafuata mstari kwa kidole, polepole. Kwenye sauti lile neno la Kiingereza lilikuwa palepale, hakulifuta. Mama akaliruka, akasema, "Hili ni la kwetu, tunalijua." Pembeni yake mkaguzi alikuwa ameongeza maneno mawili ya Kiswahili, na hayo hayakuhitaji kamusi wala kidole changu. Mama aliyasoma silabi kwa silabi: "Na. I-me-fa-a." Akasoma na mstari wa chini, kwamba mwalimu apelekwe chuo. Hakufika kwenye nukta. Vigelegele vilitoka ndani ya ghala, vikaitikiwa nyumba kwa nyumba mpaka mwisho wa mistari ya kijiji, na mkaguzi alisimama katikati yake na mabega yote mawili juu, anacheka.

Bi Kisomo aliondoka Jumatatu kwa lori la korosho, mbele kwa dereva, gauni la kijani likinuka sabuni. Alifundisha miaka mingi, kwanza huku, kisha kule. Mimi nikahamishwa. Tukapotezana kama watumishi wanavyopotezana.

Sasa ni mstaafu, nakaa Chuno, mjini Mtwara. Masikio yameanza kuniaga. Daktari alinieleza kwamba sauti nene zitabaki nami kwa muda, ila zile za juu, nyembamba, ndizo zinazotangulia kuondoka. Ndege nimeshawapoteza. Alipokuwa akieleza nilisikitika kwa ajili ya sauti moja tu, na sikumwambia ya nani.

Mwaka juzi nilikuwa napita barabarani nikiwa na fimbo yangu. Upande wa pili, kwenye baraza ya nyumba moja, bibi kizee mdogo alikuwa amekaa anamenya ming'oko, viazi vyetu vya porini. Nikaona amesimama ghafla. Nikaona kinywa kinafunguka. Kabla ya sauti kuja nilikuwa nimeshamtambua, na moyo ukanishuka, kwa sababu nilijua nini kitafuata: ataita, na mimi sitasikia.

"Bwana Shamba! Unapita kama hujui kusoma nyumba za watu!"

Ilifika. Si yote, lakini ilifika. Nilivuka barabara bila kutazama magari.

Tulikaa. Nikala ming'oko yake. Alinipa habari za mumewe, marehemu, na za baba mkwe, ambaye alikufa akiwa msomaji wa barua za mtaa mzima. Kisha nikaona kama sitasema siku ile nitakufa nalo.

"Bi Kisomo, lile neno la mkaguzi. Palikuwa na mstari nisiokusomea."

Akatabasamu, akainama kwangu, akanong'ona kitu. Alikuwa nyumbani kwake, na nyumbani hunong'ona. Sikusikia hata chembe.

"Unasemaje?"

Akanong'ona tena. Nikaonyesha sikio langu, nikatikisa kichwa. Akanitazama, akaelewa. Akanyoosha mgongo, akavuta pumzi kama kule kichuguuni, na akaniambia, pamoja na mtaa mzima wa Chuno:

"Nilikiona kidole chako! Kidole cha mtu anayesoma hutembea! Chako kilikaa!"

Watu wakatoka milangoni.

"Na hukusema?" nikauliza.

"Nilisema huyu ananionea huruma, acha anionee! Mtihani ndio utakaosema! Haya, nisomee sasa! Mstari ulisemaje?"

Mimi nami, kwa kuwa kiziwi hajui kipimo cha sauti yake, nikapaza: "Ulisema sauti hiyo inaudhi masikio!"

Alicheka mpaka ming'oko ikamwagika mapajani. Alicheka akajishika mbavu. Kisha akaweka kiganja kando ya mdomo, na pale pale barazani, saa nne asubuhi, bila harusi wala mwali, akapiga kigelegele. Ng'ambo ya barabara mama mmoja aliacha nguo kwenye beseni akaitikia. Akaitikia wa nyumba ya pili, na wa tatu, bila kujua furaha ni ya nani. Ya hao niliona midomo tu. Chake nilikisikia.